Kisu usinunue: nilichojifunza baada ya kuburutwa na vishandu (waporaji wanaotumia pikipiki)

Mdogo wangu, umeuliza kama ununue kisu cha kuweka kwenye pochi, kwa kuwa umehamia Sinza, Dar es Salaam, majuzi na duka mnafunga saa tatu usiku. Nakujibu kwa yaliyonikuta mimi. Kisu usinunue. Kukitoa kunachukua muda ambao hutapewa, na kibaka mwenye nguvu kukuzidi akikupokonya, kitakurudia wewe.

Miaka sita iliyopita nilikuwa natembea kandokando ya Barabara ya Shekilango, jua limeshazama. Pochi nimeivaa mkanda ukikatiza kifuani, nikiamini ndiyo usalama. Pikipiki ikatokea nyuma, wamepakizana wawili, aliyekaa nyuma akaudaka mkanda. Haukukatika. Na mimi nikang'ang'ania. Nikaburutwa kwenye lami mpaka kishikizo kilipoachia. Ndani mlikuwa na simu na shilingi elfu kumi na nane. Bega la kushoto hadi leo linauma nikinyanyua ndoo.

Nimeliwaza sana tukio lile. Mkono wangu ulishikilia kwa sababu sikuwahi kukaa nikaamua kwamba siku nikivamiwa, mzigo nauachia. Uamuzi huo ufanye leo ukiwa umekaa kitandani kwako, maana pale barabarani akili haifanyi kazi.

Sasa hivi natembea upande wa kulia wa barabara ili pikipiki zinijie usoni. Pochi naitundika bega la kulia, mbali na lami, mkanda haukatizi kifua, ukivutwa, uende. Nauli naishika mkononi kabla sijafika kituoni. Kwenye daladala nikikaa dirishani, simu siitoi, hasa kwenye foleni.

Simu nayo iandae kabla haijaibwa. Bonyeza *#06#, nakili namba ya IMEI (namba ya utambulisho wa simu) kwenye daftari la nyumbani, na laini iwekee namba ya siri. Ikiibwa, azima simu ya mtu upige 100 ya mtandao wako wafunge laini haraka, kwa sababu hela zako za kwenye simu ziko hatarini kuliko simu yenyewe. Kisha nenda polisi uchukue ripoti ya upotevu. Kwa IMEI ile simu inaweza kufungiwa isitumike. Ndivyo simu feki zilivyozimwa nchi nzima Juni 2016.

Kuhusu kupigana: nilijifunza kwa miezi mitatu kwa mwalimu wa judo mtaani kwetu, na kilichonifaa ni vitu viwili tu. Ukishikwa kifundo cha mkono, chomoa kupitia upande wa dole gumba lake, pale ndipo mshiko ulipo dhaifu. Ukipigwa roba, yaani ukikabwa shingo kwa mkono kutoka nyuma, usihangaike kumpiga. Inamisha kidevu haraka, kigeuze kuelekea kwenye kiwiko chake ili koo lipate nafasi, vuta mkono wake chini kwa mikono yako yote miwili. Ukipata upenyo, kimbia kwenye taa na watu. Mimi na mume wangu tunafanya mazoezi hayo sebuleni kila Jumamosi, polepole, maana kusoma tu hakutoshi.

Na kelele. Hapa najua wengi hawatakubaliana nami, lakini mimi sipigi tena kelele za "mwizi!" Nilishuhudia kijana akipigwa mawe kwa neno hilo moja, na mwenye mkoba alipofika akasema siye. Kijana yule alikuwa anakimbilia daladala tu. Sura yake bado naiona. Mimi napiga kelele "Nisaidieni!", halafu namchagua mtu mmoja: "Kaka wa shati jeupe, njoo!" Watu wakiitwa kwa ujumla husimama wakatazamana, aliyeitwa peke yake huja.

Hapo dukani kwenu mnafunga wangapi? Kama mko wawili, tokeni pamoja hadi kituoni, na mtafuteni bajaji mmoja mnayemfahamu awe anawachukua kila siku. Mimi wangu namlipa kwa wiki, na nikichelewa kutoka, yeye ndiye hunipigia simu kuuliza niko wapi.