Fundi Ajibu: Tails Kwenye Flashi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina laptopu ya HP ya mtumba yenye Windows, natumia pamoja na mdogo wangu. Nataka kujaribu Tails, ule mfumo wa kompyuta unaowaka kutoka kwenye flashi na kulinda faragha. Je, Windows itafutika? Na nikizima, kazi zangu zitakwenda wapi?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Windows haiguswi. Kinachofutika ni flashi yenyewe, yote, kwa hivyo picha zako za Maulidi zihamishe kwanza. Iwe ya GB 8 au zaidi. Pakua Tails kwenye tovuti yake rasmi, uhakiki faili palepale (watu huiruka hatua hii, sijui wana haraka ya kwenda wapi), kisha uiandike kwenye flashi kwa programu iitwayo Rufus. Kuinakili tu kama unavyonakili nyimbo hakutoshi. Kompyuta haitawaka nayo. Zima, chomeka flashi, washa huku ukigongagonga F9 mpaka orodha itokee, uichague flashi.

Ukizima, Tails husahau kila kitu. Ukitaka kubakiza kazi zako, fungua hifadhi ya kudumu ndani ya flashi hiyohiyo. Hufungwa kwa nenosiri, na ukilisahau hakuna fundi wa kuifungua, hata mimi.

Mawasiliano hupitia Tor, mtandao unaoficha unakotoka kwa kuyapitisha vituo vitatu, ndiyo maana intaneti itajikokota. Lakini ukiingia Facebook kwa jina lako, Facebook itakujua tu. Na flashi hiyo usiipeleke saiba kuchapisha hati. Ya hati nunua nyingine.