Kwa fundi anayepewa bwawa lake la kwanza

Umeshajenga nyumba, umeshajenga karo na matangi, na sasa mtu amekupeleka nyuma ya nyumba yake, akakuonyesha uwanja, akakuambia anataka bwawa la kuogelea la zege. Usianze na mchoro. Chukua jembe na sururu, chimba shimo dogo pale panapokusudiwa kuwa na kina kirefu, lishuke nusu mita zaidi ya mahali sakafu itakapokaa, lifunike vizuri mtu asitumbukie, kisha rudi kesho yake asubuhi. Ukikuta maji yametuama, umejua jambo ambalo mchoro usingekuambia. Ukikuta ule mfinyanzi mweusi unaopasuka wakati wa jua na kuvimba wakati wa mvua, umejua la pili: utachimba zaidi, utauondoa, utajaza kifusi kizuri na kukishindilia tabaka kwa tabaka, na hesabu ya nondo umwachie mhandisi. Siku hizi sitoi bei kabla ya kuliona shimo hilo.

Wengi tunaoingia kwenye mabwawa tukitokea kwenye nyumba huwa tunaogopa maji ya ndani. Ni mengi kweli: bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.5, linabeba mita za ujazo 48, yaani tani 48. Lakini udongo ulioshindiliwa nje husaidia kuta kuyashika. Hatari kubwa ni maji ya nje, siku ambayo ndani hamna kitu. Fanya hesabu pamoja nami. Kuta na sakafu zikiwa na unene wa sentimita 20, zege lote la bwawa hilo ni kama mita za ujazo 15 na nusu. Mita moja ya ujazo ya zege lenye nondo ina uzito wa tani 2.4 hivi, kwa hiyo bwawa tupu lina uzito wa tani 37. Sasa pima eneo la sakafu kwa chini, pamoja na unene wa kuta: mita za mraba 37. Maji ya ardhini yakipanda mita 1 tu juu ya uso wa chini wa sakafu, yanalisukuma bwawa juu kwa nguvu ya tani 37. Yakizidi hapo, zege lako linaelea kama mtumbwi.

Nimeyaona haya kwa macho yangu. Mwenye nyumba alitaka vigae vibadilishwe, nami nikakubali tuyatoe maji yote katikati ya msimu wa mvua, kwa kuwa wiki ile nilikuwa na nafasi. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi upande wa kina kirefu ulikuwa umeinuka kiasi cha kiganja, mabomba ya kunyonyea yamekatika, mawe ya ukingoni yameachana. Bwawa likishainuka, matope huingia chini yake na halirudi tena mahali pake. Lilivunjwa lote. Uamuzi wa kuyatoa maji ulikuwa wangu, na ndiyo maana nimelikalia jambo hili kwa urefu.

Kinga yake haina ugumu, ila huwekwa kabla ya zege au haiwekwi kabisa. Chini ya sakafu tandaza kokoto safi zenye kina cha sentimita 15, zielekee kwenye kishimo kimoja, na kutoka hapo simamisha bomba la kuchungulia hadi juu ya ardhi kando ya bwawa. Ukitumbukiza kamba yenye uzito ndani ya bomba hilo utajua maji ya ardhini yamefika wapi, na yakiwa juu unashusha pampu ndogo uyavute kabla ya kugusa maji ya bwawa. Pia weka kwenye mdomo wa chini, yaani tundu la sakafuni ambalo pampu hunyonyea maji, vali ya kupunguza mgandamizo, ile inayofunguka yenyewe maji ya nje yanapozidi nguvu ya ndani, ikayaacha yaingie. Bwawa likichafuka kwa matope litasafishwa. Likipasuka ni habari nyingine.

Kuhusu kuchimba nina machache. Shimo la bwawa hilo ni karibu mita za ujazo 80, na udongo ukishachimbwa huongezeka kama robo, kwa hiyo utahamisha 100. Kwa lori la mita za ujazo 7 hizo ni safari zisizopungua 15. Pima upana wa njia ya kuingilia kati ya nyumba na ukuta wa jirani kabla hujaahidi mashine.

Kwenye nondo, kosa la wageni ni kufunga wavu imara kisha kuulaza juu ya udongo. Nondo inayogusa ardhi itapata kutu, kutu huvimba, na zege litapasuka kutoka ndani. Acha milimita 75 za zege upande wa udongo na 50 upande wa maji, ukiinua wavu kwa vile vijitofali vya zege ambavyo mafundi wengi huviita biskuti. Mawe na vipande vya mbao visifanye kazi hiyo. Waya wa kufungia nao ukunjwe kuelekea katikati ya zege, maana ncha moja ikichungulia juu ya plasta itaacha doa la kahawia ambalo mwenye nyumba ataliona kila akiogelea. Wavu wote uunganishwe na mfumo wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, na hapo fundi umeme mwenye leseni afike mwenyewe, asitume msaidizi.

Mabomba yafungwe, yajazwe maji, na mita ya presha ibaki ikionyesha bari 2 kwa saa 24 kabla ya kumwaga. Iache hapohapo hata zege linapoingia. Koleo likitoboa bomba, mshale utashuka mbele ya macho yako, na utalirekebisha kabla zege halijalifunika.

Zege lenyewe, ukiweza, lirushwe kwa mashine. Teknolojia hii ina chanzo nisichokisahau: ilibuniwa na Carl Akeley, Mmarekani aliyejulikana zaidi kwa kuandaa wanyama wakavu wa makumbusho, alipotafuta namna ya kukarabati kuta za jumba la makumbusho huko Chicago, na hataza yake ilitoka mwaka 1911. Uzuri wake ni kwamba sakafu na kuta hushikana zikawa kitu kimoja, na kona hupinda bila mbao. Ila simama karibu na mrushaji. Kokoto zinazodunda na kuanguka chini zitolewe nje. Vibarua hupenda kuzirudisha kwenye kona kuokoa mali, na kona hiyo ndiyo itakayovuja. Angalia pia nyuma ya nondo, mahali mrusho usipofika vizuri huacha uwazi. Ukimwaga kwa mbao na vibreta, ile mashine ya kutikisa zege lishikamane, basi kila unaposimamisha kazi, hasa kati ya sakafu na ukuta, zamisha ukanda wa kuzuia maji nusu chini, nusu juu. Ukingo wa juu upime kwa mpira wa maji mwembamba unaoonyesha ndani, pande zote. Ukiukosea milimita 10, mstari wa maji kwenye vigae utaonyesha kosa hilo miaka yote.

Kisha mwagilia. Siku 7 mfululizo zege lisikauke, asubuhi, mchana na jioni, na magunia mabichi juu yake kama jua ni kali.

Jaza maji kabla ya plasta na vigae, usikubali kuharakishwa. Ndoo iliyojaa iweke kwenye ngazi ya bwawa, tia alama ya maji ndani ya ndoo na nyingine kwenye ukuta, subiri saa 24. Jua huvuta maji ya vyote viwili sawa. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, tafuta panapovuja. Macho na mikono yako yaanzie pale bomba linapopenya ukutani, kwa sababu plastiki na zege havishikani vyema vikiachwa hivihivi.

Mdomo wa chini usiwe mmoja. Weka miwili iliyoachana angalau sentimita 90, kwenye bomba moja la kunyonyea, yenye vifuniko visivyoweza kuzibwa na mwili, kwa sababu pampu inaweza kumshika mtoto chini ya maji asiweze kujinasua. Marekani ilitunga sheria ya vifuniko hivyo mwaka 2007 baada ya vifo vya namna hiyo. Na uzio uwe wa pande zote nne, ukilitenga bwawa na mlango wa nyumba, urefu wake usipungue mita 1.2, lango lake lijifunge lenyewe na lifunguke kuelekea nje. Mwenye nyumba atakwambia ataujenga baadaye. Mimi huuandika ndani ya mkataba, na baada ya jaribio la kuvuja nayatoa maji, bomba la kuchungulia likiniruhusu, wala sijazi tena mpaka niusikie mlio wa komeo likijifunga.