Umechaguliwa vyuo vitatu vya udaktari: uthibitishe kipi?

SWALI: Asalaam aleikum. Nimemaliza kidato cha sita, PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), na nimechaguliwa kusomea Udaktari wa Binadamu Muhimbili, KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Nyumbani ni Ngamiani, barabara ya 12. Mjomba anashikilia Muhimbili kwa ajili ya jina. Mama anataka Moshi kwa sababu mama mdogo anaishi huko. Mkopo bado haujatoka. Niende wapi?
*Binti wa Tanga*

JIBU: Waaleikum salaam, mwanetu, na hongera.

Kwanza ihakikishe namba ya simu. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja, na kodi ya kuthibitisha (code, yaani namba ya siri) ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, hutumwa kwenye namba ya simu au barua pepe iliyojazwa kwenye maombi. Wengi hujaziwa fomu na kijana wa steshenari, naye huweka namba yake mwenyewe ili kazi iende haraka. Siku ya kuthibitisha ndipo msako unapoanza, dirisha la kuthibitisha nalo halisubiri. Kodi ikichelewa, ingia kwenye akaunti yako ya chuo unachokitaka uiombe upya humo humo. Ukishaiingiza, piga picha ukurasa unaoonyesha kuwa umethibitisha.

Sasa jina. Vyuo vyote vitatu husomesha miaka mitano na kutoa shahada ile ile ya MD. Baada yake kuna mwaka mmoja wa intanishipu, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, kisha usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Nafasi za intanishipu hupangwa kitaifa, kwa hiyo aliyesoma Moshi anaweza kuangukia hospitali ya Bombo, Tanga, na wa Muhimbili akajikuta Mbeya. Mjomba hajakosea kuipenda Muhimbili: ndani ya eneo moja kuna hospitali ya taifa, MOI ya mifupa na taasisi ya moyo ya JKCI. Ila huko, pembeni ya kitanda cha mgonjwa, wanasimama pia intani na daktari anayesomea ubingwa. Kushona kidonda au kuzalisha, wao ndio hutangulia, wewe unachungulia mabegani mwao.

Kwa hiyo tafuta mwanafunzi wa mwaka wa nne wa kila chuo. Wa mwaka wa kwanza hatakufaa, bado anahangaika na anatomia na bayokemia, wodini hajakanyaga. Muulize kundi lao la wodini lina watu wangapi, mgonjwa humhoji na kumpima mwenyewe au husikiliza tu raundi ya madaktari, na darasa lake lilipoteza wangapi kwa disko (kuondolewa chuoni kwa kufeli) mwaka wa kwanza na wa pili. Sapu, yaani mtihani wa marudio, isikutishe, ni jambo la kawaida. Kurudia mwaka ndiko kunakouma, maana hapo unaongeza gharama za mwaka mzima za kula na kulala.

Tukija kwenye fedha, hapa ndipo tungekuwa wakali. Mara nyingi majina ya mkopo hutoka baada ya dirisha la kuthibitisha kufungwa. Amua basi kana kwamba mkopo wa ada utakuja nusu. Muhimbili ni cha serikali na ada yake iko chini. KCMC na Bugando ni vya taasisi za dini, ada iko juu. Chukua ada ya mwaka, toa mkopo unaoutarajia, zidisha kwa tano. Mfano wa hesabu tu: ada ikiwa 6,000,000 na mkopo wa ada 3,000,000, nyumbani mtabeba 15,000,000 kabla ya michango ya chuo, bima na vitabu. Bumu lisiingizwe kwenye pengo hilo. Hiyo ni hela ya chakula na malazi, na ikichelewa wiki tatu utaelewa kwa nini.

Kwa mama mdogo, sawa kwa miaka miwili ya mwanzo. Kuanzia mwaka wa tatu kuna raundi za asubuhi na zamu za usiku, na kama nyumba yake iko mbali na hospitali, hosteli itakufaa zaidi. Safari isiwagombanishe: Tanga hadi Dar na Tanga hadi Moshi ni kama kilomita 350 kila moja, zote kwa njia ya Segera. Mwanza ndiyo inayopita 1,000.

Kwa ulivyotueleza, tungethibitisha Muhimbili, kwa sababu ya ada na si kwa sababu ya jina. Wazazi wakiweza kuziba lile pengo la miaka mitano bila kuuza shamba, KCMC hatuna neno nayo. Uchache wa kufanya kazi kwa mikono yako unatibika: likizo, omba barua ya chuo uende kujifunza Bombo.

SWALI: Wakala amemwahidi mwanangu chuo cha udaktari nje ya nchi, anasema kimo kwenye orodha ya dunia. Nimwamini?
*Baba, Muheza*

JIBU: Mzee wetu, kuwemo kwenye orodha ile maana yake ni kwamba chuo kipo. Ubora ni habari nyingine. Kabla ya kulipa hata nauli, kijana aombe TCU cheti cha kutokuwa na pingamizi. Akirudi, shahada itabidi itambuliwe na TCU, kisha kuna mtihani wa Baraza kabla ya intanishipu. Muulize wakala swali moja: wagonjwa wa hospitali ile wanazungumza lugha gani? Darasa likiwa la Kiingereza na wodi ya lugha nyingine, kijana atarudi na vyeti vizuri bila kuwahi kumhoji mgonjwa sawasawa.

SWALI: Ninunue stethoskopu kabla ya kuripoti?
*Kijana wa Pangani*

JIBU: Subiri. Mwaka wa kwanza utahitaji makoti meupe mawili, glavu na seti ya kupasulia. Kwenye seti, angalia mpini wa kisu na wembe wake vinaoana: mpini namba 4 hushika wembe wa 20 kwenda juu, namba 3 hushika wa 10 hadi 15. Wauzaji huvichanganya. Stethoskopu inunue ukikaribia kuingia wodini, nawe uijaribu masikioni kwanza, kwani za Littmann za bandia zimejaa madukani.