Jiji likihamia kura za kata: niliyoyaona Austin, na kwa nini uulize tarehe kabla ya ramani

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Jiji lenu huko Marekani likiacha kuchagua madiwani kwa kura za jiji zima na kuanza kuchagua kwa kata, je, hujapunjwa, maana ulikuwa unawapigia wote na sasa utampigia mmoja? Na kwa nini shemeji yako anayekaa ng'ambo ya barabara apige kura miaka miwili baada yako? Nimeishi Austin, Texas, tangu kabla hatujabadilisha, kwa hiyo najibu kwa yale yaliyotokea hapa.

La kwanza: hujapunjwa. Hapa tulikuwa na meya na madiwani sita, wote wa jiji zima. Kumshinda mwenzako ulihitaji pesa za kufanya kampeni mji mzima, na waliozipata wengi wao walitoka mitaa ile ile ya magharibi ya barabara kuu ya I-35. Mashariki yake ndiko mpango wa jiji wa 1928 ulikowasukuma watu weusi. Mwaka 1951 Arthur DeWitty, kiongozi mjini hapa wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, alikaribia kuingia barazani. Kufikia 1953 utaratibu ulishabadilishwa: kila kiti na kinyang'anyiro chake, na mshindi lazima avuke nusu ya kura, jambo lililomfungia mlango mtu kama yeye. Baadaye, kuanzia miaka ya 1970, kukawa na makubaliano yasiyoandikwa popote: kiti kimoja cha mtu mweusi, kimoja cha mwenye asili ya Mexico. Wengine waliuita uungwana. Mimi siuiti hivyo, kwa sababu walioamua ni mweusi yupi akae pale walikuwa bado wapiga kura wa mji mzima, si majirani zake.

Kura za kata zilikataliwa hapa mara sita kabla ya kupita Novemba 2012. Tukawa na kata kumi, na meya peke yake akabaki wa jiji zima. Ramani ilichorwa na tume huru ya raia 14, na baraza halikuwa na mamlaka ya kuigusa. Hili lipiganie huko kwenu kwa nguvu zote. Diwani akichora mipaka yake mwenyewe, anachagua wapiga kura kabla wao hawajamchagua.

Sasa jambo ambalo wahamiaji wengi hatulijui. Kata husawazishwa kwa idadi ya watu wote kwa mujibu wa sensa, siyo kwa idadi ya wapiga kura. Hapa kila kata ilianza na watu kama 80,000, wakiwemo watoto na wasio raia. Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha mwaka 2016, katika kesi ya Evenwel dhidi ya Abbott iliyotoka Texas hii hii, kwamba kugawa hivyo kunaruhusiwa. Maana yake, mama yako asiye na uraia anaongeza uzito wa mtaa wenu kwa kuhesabiwa tu. Tafadhali msifunge milango siku za sensa. Na katika kata yenye wahamiaji wengi wapiga kura ni wachache, kwa hiyo kura yako wewe uliyeapa uraia ina nguvu kuliko ya mtu wa kata ya matajiri.

Tarehe ndizo zinazonikosesha usingizi zaidi ya mipaka. Zamani tulichagua Mei, na Mei 2012 alijitokeza takriban mtu mmoja kati ya kumi waliojiandikisha. Kura ile ya Novemba 2012 ilihamishia uchaguzi Novemba na kuongeza muhula kuwa miaka minne. Novemba 2014 waliojitokeza waliongezeka zaidi ya mara tatu. Lakini kata nyingi hazikupata mshindi aliyevuka nusu, ikabidi duru ya pili ifanyike tarehe 16 Desemba. Nilikuwa nagonga milango kwenye majengo ya kupanga kaskazini mwa mji, na kila ghorofa nilikuta watu walioamini wameshamaliza. Walikuwa wamepiga kura ya kwanza kwa moyo wote, na ile ya kuamua ikawapita.

Kuhusu shemeji yako: baraza jipya likiingia lote siku moja, muhula wao hugawanywa ili wasiondoke wote kwa pamoja. Hapa walipiga bahati nasibu. Kata ya 2, 4, 6, 7 na 10 zikapata miaka miwili, nyingine minne. Kwa hiyo Kata ya 4 ilichagua 2014, 2016, 2020, tena Januari 2022 diwani wake alipojiuzulu kugombea Bunge la Marekani, kisha 2024. Kata ya 3 ilichagua 2014, 2018 na 2022. Mwaka 2021 tukahamisha pia uchaguzi wa meya kwenda mwaka wa uchaguzi wa rais, ndiyo maana meya wa 2022 alichaguliwa kwa miaka miwili tu. Naunga mkono uamuzi huo, ila umeziacha kata tano zikichagua mwaka ambao hakuna meya wala rais kwenye karatasi, na hizo zinahitaji wagonga milango kuliko zote.

Kwa hiyo kwenye kikao chenu cha kwanza uliza: nani anachora, uchaguzi ni mwezi gani, kuna duru ya pili, na kata ipi inaanza na muhula mfupi. Weka hapa pendekezo la jiji lenu ukilipata, tulisome pamoja kabla muda wa kutoa maoni haujafungwa.