Kwa nini kaburi la Qin Shi Huang halijafunguliwa?

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba askari wa udongo wa China, yaani sanamu zilizozikwa karibu na kaburi la Qin Shi Huang, mfalme wa kwanza wa China iliyoungana, walianza kufukuliwa mwaka 1974, lakini kaburi lenyewe la mfalme huyo halijafunguliwa. Wataalamu wanahofia nini? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, wanahofia kuharibu kitu wasichoweza kukirudisha. Askari hao, waliogunduliwa na wakulima waliokuwa wakichimba kisima karibu na mji wa Xi'an, walizikwa wakiwa na rangi nyekundu, kijani na zambarau zilizopakwa juu ya utomvu wa mti; utomvu huo ulipokutana na hewa kavu ulijikunja na kubanduka katika dakika chache, rangi nazo zikaondoka, na ndiyo maana wengi wao leo ni wa kijivu. Siku hizi mafundi hupaka dawa ya kutunza unyevu mara tu kipande kinapotokeza udongoni.

China ilikwisha kupata funzo chungu katika kaburi la Dingling la mfalme Wanli, lililofunguliwa miaka ya 1950, ambako vitambaa vya hariri viliharibika vibaya baada ya kutolewa.

Isitoshe, udongo wa kilima alichozikwa Qin Shi Huang, aliyefariki mwaka 210 KK, umepimwa na kukutwa na zebaki (metali ya majimaji yenye sumu) nyingi kupita kawaida, jambo linaloafikiana na maandishi ya mwanahistoria Sima Qian kuhusu mito ya zebaki iliyotengenezwa humo. Ninaunga mkono kwa dhati uamuzi wa kungoja, hasa kwa kuwa vipimo vya aina hiyo vinaweza kuendelea bila kuuvunja mlango.