Maswali ya wasomaji: bima, dharura na deni la hospitali

Barua nyingi za safari hii zinahusu huduma ya afya kwa wote na hali ya watu wasio na bima. Nimechagua zile zinazouliza jambo moja waziwazi. Kuna moja iliyokuwa matusi matupu kwa mawaziri wa afya wa dunia nzima. Hiyo nimeisoma, nikacheka, nikaiweka kando.

Huduma ya afya kwa wote maana yake ni kwamba tutatibiwa bure?

Hapana, na anayekuahidi hivyo ama haelewi ama anatafuta kura. Daktari analipwa mshahara, dawa zinanunuliwa, mashine ya oksijeni inakula umeme. Lazima mtu alipe. La msingi ni nani analipa, na lini. Mfumo ukiwa mbovu, unalipa siku ile unapougua, na hiyo ndiyo siku ambayo huna nguvu, huna kipato, wala huna nafasi ya kubishana bei na mtu. Mfumo ukiwa mzuri, pesa zilishakusanywa zamani, kutoka kwa kila mtu kadiri ya uwezo wake, na mgonjwa akifika mapokezi swali la kwanza ni anaumwa nini.

Ujerumani ilianza mwaka 1883, enzi za kansela wake Bismarck, kwa kukata michango ya wafanyakazi na waajiri wao. Uingereza ikaanza tarehe 5 Julai 1948, Aneurin Bevan akiwa waziri wa afya, kwa kutumia kodi. Nchi nyingi za leo zinachanganya njia zote mbili. Wataalamu wanaweza kugombana usiku kucha kuhusu ipi bora. Mimi naangalia kitu kimoja tu: pesa imelipwa kabla ya ugonjwa, au inadaiwa kitandani?

Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia wanapima mambo mawili: je, huduma za msingi zipo, na je, malipo yanamwangusha mtu? Kwa miaka mingi, kaya iliyotumia zaidi ya asilimia 10 ya matumizi yake yote kwa matibabu ilihesabiwa kuwa imeelemewa. Hadi mwaka 2021, watu wapatao bilioni 4.5 hawakuwa wakizipata kikamilifu huduma za msingi.

Mimi ni kijana, siumwi hata kichwa. Kwa nini nilazimishwe kuchangia?

Kwa sababu wewe ndiye unayehitajika zaidi, kijana wangu, na ndiyo maana wanakukimbiza.

Hebu fikiria bima ya hiari. Mwenye kisukari anajiunga leo. Mjamzito anajiunga. Mzee mwenye shinikizo la damu anajiunga. Wewe unasema utajiunga ukianza kuumwa. Mfuko unabaki na wagonjwa watupu, madai yanazidi michango, kiwango kinapandishwa. Kikipanda, wenye nafuu kidogo wanajitoa, na kinapandishwa tena. Mifuko mingi ya hiari iliyolenga watu wasio na ajira rasmi imekwama hapohapo, na lawama zikawaendea wananchi kwamba hawana mwamko. Wananchi walipiga hesabu zao vizuri kabisa. Mpango ndio uliokosewa tangu mwanzo.

Rwanda iliona hilo mapema. Bima yake ya jamii, Mutuelle de Santé, ilifanywa ya lazima, michango ikapangwa kwa kufuata hali ya kaya, na walio maskini kabisa wakalipiwa. Lile la mwisho ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kumlazimisha mtu achangie pesa asiyokuwa nayo ni kumtoza faini kwa umaskini wake.

Usiiangalie bima kama akiba, ukasubiri zamu yako ya kuitoa. Ukimaliza miaka 40 hujaidai senti, umeshinda.

Sina bima. Nikimfikisha mgonjwa mahututi hospitalini, wanaweza kunirudisha mlangoni?

Hili limeulizwa na wengi, kwa hiyo nitalikalia.

Sheria za nchi nyingi zinasema hapana, angalau kwa dharura. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 27, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inasema vivyo hivyo. Hata Marekani, ambako kutokuwa na bima ni jambo la kuogopesha kweli, sheria ya mwaka 1986 inazitaka hospitali zenye kitengo cha dharura na zinazopokea fedha za Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee, zimpime kila anayefika na kumtuliza kwanza, awe na bima au asiwe nayo.

Sasa soma masharti yake polepole. Sheria hizi zinalinda dharura. Hazisemi utatibiwa ugonjwa wako mpaka upone, na hazisemi deni litafutwa. Nchini Afrika Kusini, mwaka 1997, Mahakama ya Katiba ilisikiliza kesi ya Soobramoney, mgonjwa wa figo aliyetaka hospitali ya umma imsafishe damu. Mahakama iliamua kwamba ugonjwa sugu unaohitaji matibabu ya kila wiki si dharura kwa maana ya kifungu kile, na kwamba hospitali yenye mashine chache ina haki ya kuweka vigezo vya nani atangulie. Alifariki muda mfupi baada ya hukumu. Nimewahi kusikia watu wakiwaita majaji wale makatili. Mimi sidhani. Walisema ukweli mchungu kwamba kifungu cha katiba hakinunui mashine.

Hapo ndipo penye tundu kubwa la mifumo mingi. Asiye na bima anapokewa akiwa amezimia kwa sukari iliyopanda, lakini hakuna aliyemlipia dawa ya kuizuia isipande. Gharama ya kumwamsha ni kubwa mara nyingi kuliko gharama ya vidonge ambavyo hakuweza kuvinunua, na mwishowe hospitali inaibeba, au serikali, au ndugu zake.

Ukiwa mlangoni, fanya hivi. Taja dalili kabla ya kutaja pesa: "hapumui vizuri", "anatokwa damu nyingi", "amepoteza fahamu". Neno "dharura" litamke wewe mwenyewe, kwa sauti. Wakidai malipo ya awali, omba kuonana na daktari au muuguzi wa zamu, maana karani wa malipo si mtu wa kuamua nani yuko hatarini. Wakikataa kabisa, uliza jina la anayekataa na sababu, kwa adabu, na uandike saa. Nimeona mlango ukifunguka kwa sababu ya kalamu tu.

Nina kadi ya bima, nalipa kila mwezi, lakini nikifika naambiwa dawa hakuna, nikanunue nje. Nimeibiwa?

Inawezekana, ila mara nyingi mwizi si yule unayemwona dirishani. Kadi ni ahadi ya kulipa. Haiwezi kuzaa dawa. Mfuko ukichelewesha malipo ya kituo, kituo kinashindwa kumlipa msambazaji, msambazaji anasimamisha mzigo, na wewe unaambiwa ukanunue nje. Yule mfamasia unayemfokea huenda naye hajalipwa.

Thailand, ilipoanzisha mpango wake mwaka 2002 ambapo mgonjwa alilipa baht 30 tu (baht ni sarafu ya huko) kwa kila ziara, ilikuwa imetumia miongo kadhaa kujenga hospitali za wilaya na kupeleka wahudumu vijijini. Pesa za mpango zilitoka kwenye kodi, na kituo kililipwa kwa kila mtu aliyeandikishwa kwake, augue asiugue. Kwa hiyo kituo kilijua mapema kina kiasi gani cha kununulia dawa. Nchi zinazogawa kadi kwanza halafu zikaanza kutafuta zahanati zinajitafutia hasira za watu.

Tunza risiti ya dawa uliyonunua nje. Baadhi ya mifuko hurejesha fedha, na hata isiporejesha, malalamiko yenye risiti husomwa.

Huduma ikiwa haina malipo, watu si watajazana hospitalini kwa kila mafua?

Watakwenda zaidi, ndiyo. Wanaopinga hoja hii kwa kusema hakuna atakayeongezeka hawasaidii upande wetu.

Taasisi ya RAND ya Marekani ilifanya jaribio kubwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980: familia zikagawanywa kwa kura, nyingine zikatibiwa bila kulipa kitu, nyingine zikachangia sehemu ya gharama. Waliochangia walikwenda kwa daktari mara chache zaidi. Lakini walipunguza huduma walizozihitaji sawa na zile wasizozihitaji, kwa sababu mgonjwa hana elimu ya kujua maumivu yapi ya kifua ni gesi na yapi ni moyo. Na kati ya maskini wenye shinikizo la damu, waliotibiwa bure ndio shinikizo lao lilishuka vizuri zaidi.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2008, jimbo la Oregon, hukohuko Marekani, lilikuwa na nafasi chache za Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, kuliko waombaji, likawachagua kwa bahati nasibu. Waliobahatika walikwenda kitengo cha dharura zaidi kuliko waliokosa, kwa kama asilimia 40. Watafiti hawakuona badiliko la wazi kwenye vipimo vya shinikizo la damu. Ila madeni ya matibabu yalipungua sana, na sonona pia. Kila upande wa mjadala huchukua nusu ya matokeo hayo na kuificha nyingine.

Kwa maoni yangu, foleni inatibika: muuguzi wa kuchuja wagonjwa, zahanati ya karibu, utaratibu wa rufaa. Kumtoza mjamzito ili asije kliniki mara nyingi ni kutibu foleni kwa kuwaumiza watu.

Hayo si mambo ya nchi tajiri?

Uingereza ya 1948 ilikuwa imetoka vitani, vyakula bado vinagawiwa kwa mgawo. Korea Kusini ilianza mwaka 1977 na wafanyakazi wa kampuni kubwa, na kufikia 1989 ilikuwa imewafikia wote. Marekani nayo hutumia karibu asilimia 18 ya pato lake la taifa kwa afya, na mwaka 2023 bado ilikuwa na watu kama milioni 26 wasio na bima. Utajiri unasaidia, lakini hauamui.

Nikipoteza kazi, bima yangu inakwenda wapi?

Mara nyingi inakwenda na kazi. Marekani iliingia katika mtindo huu wakati wa Vita Kuu ya Pili: serikali ilidhibiti mishahara, waajiri wakavutia watu kwa bima, na fundo halijafunguka mpaka leo. Uliza kabla hujaondoka: bima inaisha siku gani, na unaweza kuendelea kwa kulipa mwenyewe? Dawa za ugonjwa sugu zichukue kabla ya tarehe hiyo.

Mama yangu ameruhusiwa, lakini hospitali inamzuia mpaka tulipe. Ni halali?

Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kuwazuia wanawake wawili waliojifungua kwa sababu ya deni kulivunja haki zao za kikatiba. Uamuzi huo haufungi nchi nyingine, ila hoja yake inaeleweka popote: deni ni la kudaiwa kwa njia za madeni, na mwili wa mtu si rehani.

Leo hii, omba ankara iliyochanganuliwa kipengele kwa kipengele, uipitie na mtu aliyekuwa wodini. Vipimo visivyofanyika na siku za ziada huonekana hapo. Kisha mtafute ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, siyo mhasibu, na umwombe fomu ya msamaha au punguzo. Kama hakuna msamaha, pendekeza malipo ya awamu kwa maandishi, kiasi mnachokiweza kweli, na mtake wasaini. Mkikataliwa yote hayo, nendeni kwa msaada wa kisheria mkiwa na karatasi ya daktari iliyosema ameruhusiwa, maana ndiyo inayoonyesha tangu lini anashikiliwa.