Wamempokonya kalamu: riwaya ya Bibi Salme ilivyonikata maini

Dada uliyeuliza kama ile riwaya ya mapenzi ya Bibi Salme, bintisultani wa Unguja, na mfanyabiashara wa Kijerumani inafaa kununuliwa: mimi nimeisoma yote, kurasa mia nne na ushei, kwa usiku mbili. Jina lake silitaji, sina ugomvi na mtu, na wewe unaijua. Nilipoifunga nilijiona kama niliyealikwa pilau nikaishia kukwangua sufuria.

Mimi mtu wa Bububu. Utotoni kila tukipita kwenye magofu ya Mtoni, bibi hakosi kunyoosha kidole: "Hapo kazaliwa Bibi Salme." Kwa hiyo nilipoona kwenye jalada "kisa cha kweli", nililipa bila hata kuomba kupunguziwa. Wanaonijua watashangaa.

Makosa ya tarehe yamo tele. Wapenzi wanakutana kwenye baraza ya Beit el Ajaib, taa za umeme zinawaka, na mwaka ni 1866! Jumba lile Sayyid Barghash alilijenga 1883. Hilo nililisamehe, maana mapenzi yanataka baraza, na nzuri kuliko ile mjini hakuna. Lakini mama yake Salme, Jilfidan, kusimama ufukweni akimpa radhi siku ya kutoroka? Mama wa watu alikufa kwa kipindupindu 1859, miaka saba nyuma. Msichana aliondoka hana mama wala baba, hiyo ndiyo sehemu ya uchungu wenyewe, na mwandishi kaifuta ili apate machozi ya rahisi.

Kilichonikata maini hasa ni kalamu. Kwenye riwaya Salme hajui kuandika hata jina lake, mpaka kijana wa Kijerumani anamshika mkono juu ya karatasi, herufi kwa herufi, pumzi yake shingoni. Kurasa kumi na mbili za hivyo. Sasa wewe chukua kumbukumbu alizoziandika mwenyewe, zilizochapwa kwa Kijerumani 1886. Anasema wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani tu; kuandika ilikuwa ya wavulana. Akajifundisha kwa siri, ananakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Na kalamu hiyohiyo ndiyo iliyomponza. Kaka yake Barghash alipotaka kumpindua kaka yao mwingine, Sultani Majid, mwaka 1859, binti wa miaka kumi na tano ndiye akawa mwandishi wa barua za njama, mpaka za kuagiza bunduki. Jaribio likashindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki na ndugu waliogawanyika, huku hawamtaki na kule hawamwamini. Ndiyo maana miaka michache baadaye, anapotazama kutoka darini kwake karamu za jirani Mzungu, unaelewa yule ni mtu mpweke kiasi gani. Riwaya nzuri ilikuwa imelala hapo inasubiri kuokotwa! Badala yake tumepewa msichana anayezimia kila baada ya sura mbili.

Watumwa nao wamo, wanapepea na kutabasamu, kisha Salme anawaacha huru wote huku analia. Jamani. Bibi Salme alikuwa na mashamba, na karafuu hazikuchumwa na majini. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, yeye keshaondoka. Na katika kumbukumbu zake ana sura nzima inayoutetea utumwa. Inakera kuisoma, mimi iliniuma, lakini ndiye yeye. Mwandishi aliyemwogopa hivyo angebuni binti wake mwingine, ampe jina lingine, nani angemdai?

Na mwisho! Hadithi inakoma kwenye sitaha ya manowari ya Kiingereza, Agosti 1866, upepo unapeperusha ushungi. Lakini yeye alipanda meli ile akiwa mjamzito, akajifungua Aden mume hayupo, akamsubiri yule Mjerumani wake, Heinrich Ruete, miezi. Akabatizwa na wakafunga ndoa siku moja, Mei 1867. Mtoto yule wa kwanza hakufika hata Hamburg. Kisha baridi, lugha, watoto watatu, na 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu. Mapenzi yalikuwa na bei, na bei yote wameiacha nje ya kitabu.

Sura hiyo ya mwisho nilimsomea bibi, sasa haoni vizuri. Akasikiliza mpaka nikamaliza, akauliza, "Na mtoto tumboni yuko wapi?" Nikamwambia hawakumwandika. Akaomba chai.

Kwa hiyo usinunue, dada. Ukiitaka kwa udaku tu, changu nitakiacha dukani kwa shangazi, Darajani. Ila uvumilie penseli, pembeni nimeandika sana, na ukurasa wa baraza nimeuchora jumba likiwa bado msingi.